Pweza wa Maji Mafu

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa makusudi, maana wengi waliosema bado wapo hai na baadhi yao ni damu yangu.

Mjomba alisema mtoto wa mfua nazi hamalizi chuo. Nikamaliza, ng'ambo ya Ruvuma, kule Mtwara, nikibeba magunia sokoni asubuhi na kuingia darasani mchana na vumbi la unga masikioni. Ada yangu hakuilipa mtu. Shemeji naye akasema hata nikimaliza, cheti cha Tanzania huku kwetu ni karatasi ya kufungia karanga, kwa sababu kazi za huku husomwa kwa Kireno. Nikajifunza Kireno upya, kile cha ofisini, siyo kile cha kuulizia bei ya sabuni. Na siku niliyoshuka kwenye chapa, hilo basi dogo la abiria la huku kwetu, hapa Palma, stashahada yangu ya ununuzi na ugavi nimeikumbatia ndani ya mfuko wa plastiki, nikawaambia watu wa mtaa wetu kwamba nitakuwa fornecedor, mtu wa kuiuzia chakula kambi ya watu wa gesi. Mama mmoja wa pwani alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akasema:

"Kambi ile ina ukuta, ina lango, ina mbwa. Wewe utaingia na nini, dotori?"

Huku kwetu mtu akisoma kidogo huitwa dotori. Wapo wanaoitwa hivyo kwa heshima. Mimi niliitwa hivyo huku watu wakitafuna vicheko.

Niliingia na pweza. Wenzangu walikuwa wanagombea kupeleka nyanya, vitunguu na kuku, vitu ambavyo kila mwenye pikipiki anaweza kupeleka. Mimi nilikwenda kwanza kumuuliza mpishi mkuu wa kambi watu wake wanapenda kula nini wakikumbuka kwao. Akasema pweza, tena alisema huku amefumba macho. Siku ya kwanza nikampelekea ndoo moja ya pweza waliotwangwa vizuri, weupe, wasio na mchanga. Ya pili akaniomba ndoo mbili. Ya tatu akaniambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba hawezi kuendelea kununua mlangoni. Kambi haiandikiani mkataba na muuzaji yeyote kabla hajapimwa.

"Kupimwa nini?" nikauliza. "Damu?"

"Ukomavu," akasema.

Niliijua habari hiyo. Chuoni tulifundishwa: jinsi mtu anavyoagiza, anavyohifadhi, anavyosafirisha na anavyofikisha mali yake, yote hupimwa kwa ngazi tano. Ngazi ya kwanza, unafanya mambo kama yanavyokuja. Ya pili, unajua unachofanya lakini wewe peke yako ndiye unayejua. Ya tatu, umeweka utaratibu, na hata ukilala homa kazi inakwenda. Ya nne unajipima mwenyewe, na ya tano unajirekebisha kabla hujakosea. Mkataba ulitaka ngazi ya tatu. Nilicheka kimoyomoyo. Katika mtaa mzima nilikuwa peke yangu niliyeweza kuzitaja ngazi hizo kwa mpangilio.

Mpimaji alikuwa mama wa makamo kutoka Maputo, mpole, aliyevaa kofia pana na kuzungumza Kireno taratibu kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Alinipa fomu nijipime kwanza mimi mwenyewe. Nikajipa nne kila mahali. Kwenye usafi nikajipa tano, kwa kuwa ndoo zangu zilikuwa mpya.

Alisoma. Akaniuliza, "Wiki ijayo utaleta pweza kiasi gani?"

"Watakaopatikana, inshallah."

"Na wiki inayofuata?"

Wiki iliyofuata ilikuwa ya maji mafu.

Kwa asiyezaliwa pwani nieleze. Pweza wetu hawavuliwi kwa nyavu. Wanawake huwafuata kwa miguu, juu ya mwamba, wakati wa bamvua, zile siku ambazo bahari hutoka mbali mpaka mwamba unabaki uchi. Humchokoa pweza pangoni kwa kipande cha chuma. Bamvua likipita huja maji mafu, bahari haitoki wala haijai sana, mwamba unafunikwa, na wanawake wanakaa nyumbani wakisuka ukili. Hakuna anayekasirika. Bahari imefunga mlango, nayo itafungua. Lakini kambi hula pweza Jumatatu na Alhamisi, mwezi uwe mpevu au nusu.

Mama wa Maputo alinipa ngazi ya kwanza. Kila mahali, hata kwenye ndoo.

"Usivunjike moyo," akasema. "Nitarudi baada ya mvua za kwanza. Nitakuja wiki ambayo bahari haikupi kitu. Nikikuta pweza, na nikikuta utaratibu, utapata tatu."

Maisha yangu yote yakaingia ndani ya sentensi ile. Nikipata tatu, nina mkataba, na mkataba ungenifanya fornecedor kweli. Nikikosa, mimi ni mchuuzi wa ndoo mwenye viatu vizuri.

Nikaanza kujirekebisha. Nasema bila kujisifu, ingawa ningekuwa na haki: hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kupanga kazi ya pweza kama nilivyoipanga mimi. Kwanza niliwaendea wanawake wa mwambani, wale hodari, nikawaomba wasiwauzie tena wachuuzi wa njiani. Waniletee mimi pweza wao wote. Fedha sikuwa nazo. Niliwaomba wanipe kwa mali kauli, yaani nichukue leo, nilipe nikishalipwa na kambi.

Kisha yule yule mama aliyeniuliza nitaingia kambini na nini, ambaye ndiye kinara wao na ndiye mwenye ulimi, akasema, "Kauli yako tunaijua, ni ndefu. Mali ndiyo hatujaiona."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini wakakubali, kwa sababu bei yangu ilikuwa nzuri, na kwa sababu, nadhani, walipenda kuona mtoto wa mfua nazi akijaribu.

Halafu nikafanya kile ambacho vitabu vyote vinaagiza. Nilikwenda kwa kila mmoja, nikiwa na kalamu, nikamuuliza: siku ukishindwa kuja, nani atachukua nafasi yako? Ni swali la kawaida kabisa. Kule chuoni nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote.

Wa kwanza alinitazama. "Nishindwe kwa nini?"

"Labda ugonjwa. Labda, Mungu apishe mbali, jambo lingine."

"Jambo gani lingine?"

"Mama, ni kwa ajili ya karatasi tu."

"Enyi!" akawaita wenzake. "Njooni msikie. Dotori ananiandika kufa, na mrithi wa pango langu anamtafuta leo leo!"

"Amwandike bibi yake kwanza," akajibu mmoja kutoka uani.

"Mwulize yeye akifa nani atavaa vile viatu," akasema mwingine.

Ikawa ndiyo salamu yao kwa wiki nzima. Nikipita tu: "Dotori, bado tupo." Nililifuta lile swali. Kwenye mpango wangu wa hatari niliandika kukatika kwa umeme, kuchafuka kwa bahari, kufungwa kwa barabara na kuharibika kwa pikipiki. Nikaona inatosha.

Kilichobaki kilikuwa kuhifadhi. Pweza wa bamvua walitakiwa kuvuka maji mafu wakiwa wagumu kama mawe, na mimi sikuwa na friza. Lakini mtaani kwetu zipo nyumba zenye friza, zile zinazogandisha maji kwenye chupa kuwauzia wavuvi. Nikaomba pembe hapa, pembe pale. Nikapewa. Nyumba moja ilinipa nusu ya friza, nyingine ilinipa kona chini ya juisi za ubuyu za watoto. Kila asubuhi nilizunguka kufungua, kugusa na kufunga.

Ilikuwa kero. Mali iliyotawanyika haina msimamizi, hilo nalo tulifundishwa. Kwa hiyo nilipopata nafasi kwa mzee mmoja jirani yetu, niliikamata kwa mikono miwili. Alikuwa mfanyabiashara wa nazi aliyestaafu, mwenye friza kubwa kuliko yote, jeupe, refu kama jeneza, samahani kwa mfano huo lakini ndivyo lilivyokuwa. Alinipa lote.

"Weka," akaniambia. "Mimi nina meno gani ya kula vilivyoganda?"

Nikahamisha pweza wote wakawa hapo. Ghala moja, mlango mmoja. Niliwapanga kwa tabaka, kila bamvua na tabaka lake, wa zamani juu, wapya chini, na katikati majani ya mgomba kama alama. Siku nyingine nilifungua kifuniko si kwa kukagua bali kwa kutazama tu. Mzee akipita uani na kopo lake la udhu alikuwa akiniuliza, "Wamezaa?" Nami nikijibu, "Bado, mzee, wana baridi." Alikuwa mtu wa mzaha.

Mvua za kwanza zikanyesha. Mpimaji akatuma habari kwamba anakuja Alhamisi. Nikatazama mwezi: maji mafu kamili, kama alivyoahidi. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilipiga pasi shati langu Jumanne.

Jumatano alfajiri, baada ya sala, msikiti ulitangaza kifo. Nilisikia jina la ukoo, nikasikia jina la mzee, nikakaa kitandani. Inna lillahi. Wazo la kwanza lililonijia, naapa, lilikuwa la mzee mwenyewe, kopo lake na mzaha wake. La pili lilikuja nikiwa navaa kanzu.

Huku kwetu hakuna asiyejua jinsi msiba unavyokwenda, ila pengine wewe msomaji ni wa mbali. Mtu akifa, nyumba yake siyo yake tena kwa muda. Ni ya watu. Chungu chake ni cha watu, kuni zake ni za watu, kuku wake akikatiza uani ni wa watu. Watakaokuja kumzika, wengine kutoka Quionga, wengine kutoka mashambani bara, lazima wale, na aliyefiwa hapikiwi kwa kuulizwa. Wanawake huingia jikoni, wanafungua kila chenye kifuniko. Anayezuia mkono msibani, hata kwa neno moja, atakumbukwa kwa neno hilo mpaka siku yake mwenyewe, na siku hiyo atazikwa na watu wachache.

Nilipofika uani moto ulikuwa umeshawashwa sehemu tatu. Maji yalikuwa yanafika kwa madumu na sikuona aliyeyaagiza. Mchele ulikuwa unachambuliwa juu ya mikeka na sikuona aliyeuleta. Kwa jicho la fani yangu lilikuwa jambo la kutazamwa, na siku nyingine ningelitazama. Siku ile nilitazama friza tu. Kifuniko kilikuwa wazi kimeegemea ukuta, majani yangu ya mgomba yamelala mchangani, na pweza walikuwa kwenye mabeseni, wamemwagiwa maji ya moto ili waachane.

Aliyeshika kisu alikuwa kinara wa wanawake wa mwambani. Wale wengine walikuwa naye, karibu wote, wanakata. Wanakata pweza wao wenyewe, au wangu, sijui niseme vipi.

"Afadhali umekuja," akasema bila kuinua uso. "Nyanyua sufuria lile, wanaume wote wamekwenda kuchimba kaburi."

Nikanyanyua. Nikaliweka mafigani. Nikasimama.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini. "Hawa pweza..."

Visu vikasimama. Mjane alikuwa chumbani, mlango ukiwa nusu wazi, na kilio chake kilikuwa kile cha chini kisicho na maneno.

"Hawa pweza wana nini?"

Nilimtazama. Nikatazama mlango ule. Kesho yake Alhamisi, Kireno changu, shati langu la pasi, vyote vilikuwa nyuma ya ulimi wangu vikisukumana.

"Wanataka tui zito," nikasema.

"Basi kaa ukune," akasema, akanisogezea mbuzi.

Nikakaa juu ya mbuzi, mimi mwenye stashahada, nikakuna nazi. Mtoto wa mfua nazi hasahau kukuna. Nilikuna mpaka wakaniambia basi. Niliona tabaka la bamvua la kwanza likiingia sufuriani, kisha la baada yake, kisha lile la mwisho kabisa. Nilikuwa na mikono na miguu na akili timamu, na hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho ningeweza kufanya.

Tulimzika mchana. Tuliporudi watu walikula, na ni lazima niseme ukweli: pweza yule alikuwa mtamu. Watu wa bara, ambao wengi wao huwa wanamwogopa pweza kwa sura yake, walirudisha sahani. Nami nilikula. Kuacha kula kungeonekana.

Baada ya dua, mdogo wake marehemu akasimama kushukuru. Ni desturi kutaja kila aliyeleta kitu, ili aombewe. Akataja mchele, akataja sukari, akataja aliyetoa sanda. Kisha akasema, "Na kuna kitoweo hapa ambacho nyumba hii haikuwa nacho. Mimi nilimjua kaka yangu, hakuwa na pweza. Nani kaleta? Tunataka kumwombea."

Upande wa wanawake, nyuma ya pazia la khanga, nilisikia mtu akikohoa kama anayetaka kusema. Nilijua ni nani. Nilijua pia angesema nini: ni pweza wa wanawake wa mwambani. Na lingekuwa kweli, maana sikuwa nimelipa hata mmoja. Ningeliacha neno lile litoke, pweza wangebaki wa kwao, sadaka ingekuwa yao, na mimi nisingedaiwa na mtu.

Lakini uani palikuwa na mjomba wangu. Palikuwa na shemeji. Palikuwa na kila mdomo uliowahi kuniita dotori.

"Ni mimi," nikasema.

Vichwa vikageuka. Mdogo wake marehemu akaweka mkono kifuani. "Wewe? Wote wale?"

"Wote."

"Mungu akuzidishie palipotoka."

"Amin," wakasema watu, uwanja mzima, na sauti za wanawake nyuma ya khanga zikiwa kubwa kuliko zote. Mjomba alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu nizaliwe. Kama ningeulizwa tena leo, ningejibu vile vile.

Alhamisi mama wa Maputo alikuja kwa gari jeupe, akavua viatu mlangoni kwa mjane kwa kuwa aliona wengine wamevua. Nilimpeleka kwenye friza. Mtu alikuwa amelisafisha kwa limau, na ndani zilikuwemo chupa za maji za wageni waliolala msibani.

"Akiba iko wapi?" akauliza.

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Na mji," nikasema. Sikupata Kireno kizuri zaidi.

Nilimweleza yote. Alisikiliza, na uso wake ulikuwa na huruma isiyo ya kuigiza. Nilimweleza jinsi nilivyopanga tabaka, jinsi wa zamani walivyokuwa juu. Nilimweleza kwamba juzi yake, kwa saa ile ile, akiba ilikuwepo na ingetosha Alhamisi na Jumatatu yake. Nilijisikia jinsi ninavyozungumza, haraka, kama mtu anayeonyesha mahali nyumba ilipokuwa imesimama.

"Nani alitoa ruhusa ifunguliwe?"

"Hakuna. Haihitaji ruhusa."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuna nazi."

Akafunga kalamu. "Naomba unisamehe," akasema. "Nadhani ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Lakini mali ambayo inaweza kuchukuliwa mbele yako na wewe ukasaidia kuipika, siwezi kuiandika kwamba ni akiba."

"Niandikie mbili basi."

"Siwezi."

Mkataba ulikwenda kwa mtu wa Pemba, mji wa huku kwetu, siyo kile kisiwa, anayeleta pweza waliogandishwa kwenye maboksi. Sitamsema vibaya. Maboksi yake ni mazuri.

Wiki ya bamvua lililofuata wanawake wa mwambani walikuja kwangu, wakakaa barazani bila kuambiwa karibu. Nilijua walichofuata.

"Dotori, pweza wetu."

"Mama zangu, mnajua yaliyotokea. Mlikuwepo. Mlikata wenyewe, mkala."

"Tulikula," akasema kinara wao. "Ila tulikula wa kwako. Ulisimama mbele ya watu ukasema ni wako, na sisi tukaitikia Amin kwa pweza wako. Sasa lete wa kwetu."

"Mngesema pale pale."

"Nilikohoa," akasema. "Ulinisikia. Ulikimbia mbele yangu."

Mwenzake akaongeza, kwa upole ambao uliuma zaidi, "Ungesema ni wetu, baba, tungeshapata thawabu zetu na deni lingekufa na marehemu. Lakini thawabu umechukua wewe. Huwezi kuchukua na pweza pia."

Katika miaka yangu yote ya chuo hapakuwa na somo la jambo lile. Mali ilikuwa imetoka mikononi mwao kwenda kwangu, ikatoka kwangu kwenda kwa Mungu, na hakuna njia ya kuirudisha kinyume.

"Nitalipa," nikasema.

"Lini?"

"Nikipata."

"Hiyo ni ngazi ya kwanza," akasema mmoja wao. Sijui nani aliwaambia habari za ngazi.

Nililipa hivi. Mtu wa Pemba alihitaji mikono ya kushusha maboksi, nami nilikwenda nikaitungua ile stashahada ukutani nikaiweka sandukuni, nikashusha. Mgongo wangu ulikuwa unaijua kazi ile tangu Mtwara. Baada ya muda wakaniona najua kuhesabu na kupanga, wakanipa funguo za ghala. Sasa maboksi yao yanakaa kwa mpangilio ambao hawakuwahi kuuona, waulizeni. Kila nilipolipwa nilikwenda kwa mwanamke mmoja wa mwambani, nikampa mkononi, yeye na mashahidi wake, akafungia kwenye pindo la khanga. Sikuomba kupunguziwa. Kinara wao nilimlipa mapema, kwa ajili ya masikio yangu. Kwa mjane nilipeleka fedha za umeme wa friza. Alizikataa. Nikaziacha chini ya mkeka na kutoka haraka kabla hajaniita.

Na kila nilipomaliza mmoja nilifikiri nitajisikia mwepesi. Sikujisikia hivyo. Waliendelea kwenda mwambani, pweza wao wakiwauzia wachuuzi wa njiani kama zamani, kwa bei ya zamani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa baridi wa mtu mwingine.

Alibaki mmoja. Mume wake alikuwa amehamia kisiwani Rongui na wavuvi wenzake, naye akamfuata. Watu waliniambia mtumie tu kwa mtu anayekwenda. Nikakataa. Deni nililitangaza kwa mdomo wangu na nilitaka kulimaliza kwa mkono wangu. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda boti ya injini iliyopeleka mafuta na unga, nikatapika njia nzima.

Nilipofika hakuwa nyumbani. Ilikuwa bamvua. Wakaninyooshea kidole: nukta ndogo, mbali, juu ya mwamba uliokuwa uchi. Nikakunja suruali nikamfuata. Nilizaliwa pwani lakini sikuwahi kutembea mwambani wakati ule, wanaume hatuendi. Nilijikata, nikateleza, nikakaa majini mara kwa mara bila kupenda.

Alinitambua kabla sijafika. "Lo! Dotori! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimeleta haki yako."

"Mpaka huku? Ngoja kwanza, nishikie huyu."

Mikono yake ilikuwa imejaa. Akanitupia pweza aliyekuwa hai, naye pweza akanizunguka kiganja mpaka kwenye kiwiko, akinyonya ngozi kama anayenisalimia kwa nguvu. Nikamshika. Kwa mkono uliobaki nikatoa fedha mfukoni, zimelowa, nikampa. Hakuhesabu. Alizifunga pindoni, akafunga fundo la pili juu ya la kwanza.

"Basi umemaliza?"

"Wewe ndiye wa mwisho. Sina deni na mtu."

"Alhamdulillahi." Akanitazama vizuri, na sikuona dhihaka usoni mwake, jambo ambalo sikulizoea. "Sasa utafanya nini?"

Nilifungua mdomo. Mtu yeyote anayenijua atakwambia mimi sikosi la kusema. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanajaza mashimo moja moja, na yule pweza alikuwa bado ananibana mkono.

"Twende," akasema, akamng'oa mkononi mwangu kwa kidole kimoja, akamtia kapuni. "Huku maji hayamsubiri mtu."

Nikamfuata, nikikanyaga pale alipokanyaga.